Mbwa aliyeokolewa hana deni la kulipa

Watu wakisikia kazi ninayofanya, hufurahi. Mbwa aliyetupwa anaokotwa, anafunzwa, kisha anakabidhiwa mtu mwenye ulemavu ili amsaidie, na hapo viumbe wawili wanainuana. Hutokea hivyo kweli, na inapotokea sioni furaha inayoishinda. Lakini miaka ya kuwatoa mbwa katika vituo vya uokoaji na kuwafunza kuwa mbwa wasaidizi imenifundisha jambo ambalo ningependa kila anayetaka kuingia katika kazi hii alijue mapema. Huruma ni sababu nzuri ya kumwokoa mbwa, ila ni sababu mbaya ya kumpa kazi. Ukimchagua kwa ajili ya yaliyompata, utashindwa kuona alivyo. Hakuokolewa ili aje alipe. Na yule anayemsubiri hastahili kukabidhiwa mnyama mwenye woga kwa sababu tu kisa chake kinaliza watu.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuchagua, na anayechagua hukataa kuliko anavyokubali. Mbwa wengi ninaokwenda kuwaona hawafai, wala si aibu yao. Hata shule zinazozalisha mbwa wao wenyewe kutoka kwa wazazi waliochujwa kizazi baada ya kizazi, zikawalea tangu wanazaliwa, hupoteza sehemu kubwa yao kabla ya kufika mwisho. Huyu wa kituoni hatumjui mzazi wake, wala utoto wake hatukuuona.

Na utoto huo una uzito. John Paul Scott na John Fuller, waliowafuatilia watoto wa mbwa kwa miaka mingi katika maabara ya Bar Harbor, Marekani, walionyesha kwamba kuna wiki chache, takriban kuanzia ya 3 hadi ya 12, ambapo mtoto wa mbwa huupokea ulimwengu kwa wepesi. Anayekutana wakati huo na watu wa kila namna, ngazi, magari, fimbo, miavuli na kelele, hukua akiviona vyote kuwa vya kawaida. Anayezimaliza wiki hizo akiwa amefungiwa stoo hukua akikitilia shaka karibu kila kitu kipya. Shaka hiyo mafunzo huipunguza, lakini ni nadra kuifuta kabisa. Ninapompata mbwa wa kituoni, wiki hizo zimeshapita, na kazi yangu ni kusoma alama zilizoachwa. Ndiyo maana napendelea mwenye umri wa kati ya mwaka 1 na miaka 3: tabia imeshajitokeza, mwili umekomaa, na bado ana miaka ya kazi mbele yake.

Simpimi siku ya kwanza. Kituo cha uokoaji kina kelele usiku na mchana, harufu za mbwa wasiojuana, na nyuso zinazobadilika kila saa. Watafiti waliopima kotisoli, homoni inayopanda mwili ukiwa na msongo, kwa mbwa waliofikishwa vituoni waliikuta iko juu hasa katika siku 3 za mwanzo. Mbwa aliyejikunja pembeni siku hiyo huenda ni mchangamfu kupita wote. Aliyetulia tuli naye, ambaye wageni humsifu kwa upole, huenda ameganda kwa hofu. Kwa mbali, kutulia na kuganda hufanana. Sogea karibu uone: aliyeganda amefunga kinywa, weupe wa jicho unatokeza pembeni, anajilamba pua wala hakuna chakula, anapiga miayo wala hana usingizi. Mpe kipande cha nyama, atakigeuzia kichwa. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye bila kumdai chochote. Mafunzo yasubiri, na pengine yasije kabisa.

Zikipita siku kadhaa ndipo narudi. Namtembeza mahali asipopajua, namwachia mgeni amshike masikio na nyayo, namsogezea mkono anapokula, nampitisha karibu na mbwa mwingine, kiti cha magurudumu kinapita kando yake. Kisha, akiwa ameshazama katika kunusa kitu, mwenzangu anaangusha sinia la bati nyuma yake.

Namkumbuka vizuri Chui, mbwa koko wa rangi ya kahawia, sikio moja limechanika, hata nywele za mgongoni hazikuwa zimeota zote. Sinia lilipolia aliruka hadi ukutani. Akasimama hapo, mkia chini, akilitazama. Halafu shingo ikaanza kurefuka, miguu ya mbele ikasogea huku ya nyuma imebaki palepale tayari kukimbia, mwili mzima ukawa mrefu kama kamba iliyovutwa. Akalinusa ukingoni, akapiga chafya, akalipiga na ukucha likalia tena kidogo. Hakukimbia. Akanijia, akaketi juu ya kiatu changu. Nilijua hapohapo kwamba huyu nitamchukua.

Kushtuka si kosa, kila kiumbe mwenye masikio hushtuka. Ninachopima ni kurudi: anarudi haraka kiasi gani, na anarudi kwa hiari au mpaka abembelezwe? Mtu mwenye kiti cha magurudumu hawezi kusimama katikati ya barabara kumbembeleza mbwa kila pikipiki inapopita.

Baada ya hapo ni zamu ya daktari wa mifugo, na hapa sikubali njia ya mkato. Damu, moyo, macho, minyoo ya moyo, chanjo zote, na juu ya yote picha za eksirei za nyonga na viwiko. Mbwa wa ukoo unaojulikana ana rekodi za wazazi wake. Mbwa koko ana picha tu. Nyonga isiyokaa vyema katika kikombe chake huweza kujificha kabisa kwa mbwa kijana anayekimbia na kucheza, kisha ikaanza kumtesa baada ya miaka michache. Kumfunza mbwa wa namna hiyo kumhimili mtu anapoinuka kitini ni kuwatesa wote wawili. Mbwa mwenye moyo mzuri na nyonga mbaya nampeleka kwenye kazi nyepesi, kama ya kusikia kwa niaba ya kiziwi, au namtafutia familia.

Kazi zenyewe hazilingani, na wengi hawalijui hili. Wakisikia mbwa msaidizi, picha inayowajia ni ya mbwa anayemwongoza asiyeona, kwa sababu ndiyo kazi iliyotangulia kujulikana. Shule ya kwanza ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya wanajeshi waliopofuka vitani. Mwaka 1928 Mmarekani asiyeona, Morris Frank, akaenda Uswisi kwa Dorothy Harrison Eustis akarudi na mbwa wake Buddy, na mwaka uliofuata wakaanzisha shule ya The Seeing Eye. Kazi hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Mbwa anatakiwa kutii siku nzima, kisha akatae amri siku moja mwenzake anapomwambia avuke na gari linakuja. Wapo mbwa wa vituoni wanaoiweza, lakini ni wachache mno.

Milango mipana zaidi ilifunguka miaka ya 1970 huko Marekani, pale wakufunzi walipoanza kuwafunza mbwa kuwasaidia viziwi, na kuanzia mwaka 1975 Bonnie Bergin alipoanza kuwafunza mbwa kuwasaidia watu wenye ulemavu wa viungo. Kazi ya kusikia haihitaji mbwa mkubwa. Inahitaji mdadisi, mwenye nguvu nyingi, asiyeweza kusikia mlango unagongwa akabaki amelala. Tabia hiyohiyo ndiyo iliyowafanya wengi watupwe: "ana fujo", "hatulii", "anabweka kila kitu". Kengele inalia, anakimbia kumgusa mtu wake kwa mguu wa mbele, kisha anamwongoza hadi inakotoka sauti. Nimewapata mbwa wazuri sana wa kazi hii katika vizimba vilivyoandikwa maneno ya kuonya.

Chui alikuwa na umbo la kati, nyonga safi, na mdomo unaopenda kubeba. Nikaona atafaa kuokota na kuleta. Lakini kwa muda mrefu hakufunzwa lolote la kazi. Alijifunza kulala ndani usiku kucha, kwamba bakuli halinyang'anywi, kwamba mkono unaoinuka hauji kupiga. Kwa mbwa aliyeokolewa hizi ndizo herufi za kwanza, na anayeziruka atazirudia baadaye kwa gharama kubwa.

Ufundishaji wenyewe unategemea chakula na mchezo, sio kamba ya kunyonga wala makofi. Nina kidude kidogo cha kubofya kinacholia "tak", na kwa siku kadhaa kila kinapolia kipande cha chakula kinafuata. Baada ya hapo sauti hiyo humwambia mbwa: hilo ulilofanya sasa hivi, hilo hasa. Wapo wanaoniambia mbwa wa namna hii atafanya kazi kwa ajili ya tonge tu. Sikubaliani nao. Mbwa aliyewahi kupigwa, ukimfundisha kwa kumtisha, atatii mpaka siku atakapoogopa kitu kingine kuliko anavyokuogopa wewe, na siku hiyo mtu wake ndiye atakayeumia.

Ngoja nieleze zoezi la kuokota funguo, maana hapo unaiona kazi yote. Mbwa wengi hawapendi chuma mdomoni, kina baridi na kinagongana na meno. Kwa hiyo siwapi funguo mwanzoni. Chui alianza kwa kugusa kitambaa kilichokunjwa kwa pua, "tak", chakula. Kisha kukishika kwa meno. Kisha kukishika bila kukitafuna, hatua inayochosha kuliko zote, kwa sababu mbwa anayefurahi hutafuna. Nilikuwa nabofya pale taya zinapotulia, kwanza kwa kufumba na kufumbua, baadaye kwa muda wa pumzi moja, mbili, tatu. Halafu kukiachia kiganjani mwangu, si karibu na kiganja. Yote yalipokaa sawa ndipo nikafungia funguo ndani ya kitambaa. Kila baada ya mazoezi kadhaa nilipunguza kitambaa kidogo, pembe hii leo, pembe ile kesho, mpaka chuma kikawa wazi na yeye hakujua ni lini kilitoka. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Na hapo bado. Mbwa akijua kuokota funguo sebuleni, anajua sebuleni. Mpeleke kwenye korido, atakutazama kana kwamba hajawahi kusikia neno hilo. Mbwa hahamishi somo kutoka mahali hadi mahali kama mtu anavyofanya. Unamfundisha upya kwenye zulia, kwenye vigae, kwenye changarawe, wewe ukiwa umesimama, umeketi, umelala chini, umempa mgongo. Mkufunzi aliyesimama wima akamfunza mbwa wa mtu anayeketi siku nzima amefanya nusu ya kazi. Mimi hufundishia nikiwa kwenye kiti cha magurudumu kila ninapoweza, ili mbwa ajue mapema magurudumu yanageukia wapi, na ajue kuondoa mkia wake.

Kuna somo lisilopigwa picha na mtu yeyote, nalo naliweka juu ya mengine yote: kutofanya kitu. Mbwa msaidizi hutumia sehemu kubwa ya siku amelala chini ya meza au kando ya kiti, watu wanamruka, chakula kinadondoka, watoto wanamwita. Mbwa wa kituoni aliyeishi kwa kuwahi tonge kabla ya wenzake anaona ajabu kubwa kuambiwa aliache tonge lililo mbele ya pua yake. Chama cha watumiaji wa mbwa wasaidizi, International Association of Assistance Dog Partners, kimeweka kiwango cha chini cha saa 120 za mafunzo katika muda usiopungua miezi 6, na saa 30 kati ya hizo ziwe za matembezi mahali pa watu. Nakiheshimu kiwango hicho, ila mbwa aliyeokolewa huhitaji zaidi, na mara nyingi zaidi sana. Milango inayojifungua yenyewe, lifti inayozamisha tumbo, sakafu inayong'aa ambayo kucha hazishiki: kila kimoja kina siku zake.

Kabla ya yote hayo namuuliza mtu mwenyewe anataka nini. Wasaidizi, ndugu na hata madaktari huwa na orodha tayari: afungue milango, awashe taa, abebe mizigo. Mama mmoja ambaye mikono yake ilikuwa imepoteza nguvu aliniacha nimalize kusoma orodha aliyoandikiwa, kisha akasema, "Mwalimu, mimi milango nafunguliwa. Simu ikidondoka usiku, hapo ndipo ninapokuwa peke yangu." Chui akafunzwa simu kwanza. Gizani, chini ya kitanda, uso wa simu ukiwa umegeukia chini, ambapo ni vigumu kushika kwa meno.

Tulipowakutanisha, sauti ya mama haikuwa na nguvu ya kutoa amri, na vidole havikuweza kushika kipande cha chakula. Tukabadilisha ishara zote ziwe za kichwa na macho. Chakula tukakiweka kwenye trei ya mapajani mwake, naye akawa anakisukuma kwa ukingo wa kiganja kikadondoka mbele ya mbwa. Wiki za mwanzo Chui alikuwa akifanya kila kitu, kisha ananitazama mimi.

"Huyu anakusikiliza wewe," mama alisema. "Mimi ananistahi tu."

"Ni kweli, mama. Basi kuanzia leo hatapata kwangu hata punje."

Kipindi hicho ni kigumu kwa mkufunzi, nakiri. Mbwa anakuja, anaweka kichwa gotini pako, nawe unatazama ukutani. Si ukatili. Kila jambo jema linatakiwa litoke kwa yule atakayeishi naye: chakula, mchezo, kutoka nje, kukunwa. Asubuhi moja simu ilidondoka bila sisi kupanga. Chui aliiokota, akapita mbele ya miguu yangu bila kugeuza hata sikio, akaiweka kwenye trei, na macho yake yakawa kwa yule mama. Mama hakusema kitu kwa muda. Kisha akasukuma chakula, vipande vyote kwa pamoja, vikamwagika sakafuni.

Sasa nimtaje na Pamba, maana simulizi za waliofaulu zinapotosha zikisimuliwa peke yake. Pamba alikuwa jike mweupe, mwepesi wa kuelewa kuliko Chui. Alizima taa kwa pua, alivuta mlango kwa kamba, alivua soksi bila kugusa ngozi. Katika mazoezi hakuna aliyemtilia shaka. Lakini akirudi kutoka matembezini alikunywa maji bila kukoma, akajikuna, akalala usingizi mzito kupita kiasi. Baadaye nikaona kwamba nikikitoa kizibao chake cha kazi kabatini, anaingia chini ya kitanda. Hakunguruma, hakukataa amri. Ukimwita anatoka, anavaa, anakwenda. Wengi wangesema anaweza. Aliweza kweli, ila alikuwa akiilipia kila siku kwa mwili wake.

Nikamwondoa kazini. Mtu aliyekuwa akimsubiri alivunjika moyo, na nilimweleza ana kwa ana, kwa sababu alistahili kuambiwa ukweli na si kupewa visingizio. Nilimwambia kwamba mbwa anayeishi kwa hofu kila siku hatimaye hukosea, na kosa lake litatokea mahali ambapo wewe huwezi kujiokoa. Pamba anaishi na familia yenye ua mkubwa, na nasikia bado anavua watu soksi. Hakuna aliyemwomba.

Jambo jingine linaloniuma ni vizibao vya kununua. Kizibao hakimfanyi mbwa kuwa msaidizi. Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, ya mwaka 1990, haidai kizibao wala kitambulisho. Inatazama kama mbwa amefunzwa kufanya kazi mahususi inayohusiana na ulemavu wa mtu huyo. Palipo na shaka, mwenye duka au ofisi anaruhusiwa kuuliza mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya kazi gani? Mbwa wa kufariji kwa kuwepo kwake tu, hata awe mpenzi kiasi gani, hahesabiwi humo. Anayemvika mbwa wake asiyefunzwa kizibao ili aingie naye anakotaka anamwumiza mwenye haki. Mbwa huyo akimrukia mbwa msaidizi mara moja tu, miezi ya mafunzo inaweza kupotea siku hiyohiyo, na kwa mbwa aliyeokolewa kidonda cha zamani hufunguka haraka.

Ukikutana nao njiani, zungumza na mtu. Usimwite mbwa, usimpigie mluzi, usimnyooshee mkono, hata kama anakutazama kwa macho ya kuomba.

Mbwa wasaidizi wengi huanza kupunguza kazi wakifika miaka 8 hadi 10, na ukimchukua akiwa na miaka 2 au 3, muda si mrefu kama unavyodhani. Naliweka wazi mwanzoni kabisa, kabla ya mtu kumpenda: akistaafu atabaki kwako au atakwenda kwa nani, na wa pili ataanza kutafutwa lini?

Na kwenu mnaoendesha vituo vya uokoaji: mkidhani mnaye mbwa wa kazi hii, msinitumie picha za majeraha yake. Nirekodieni akila huku mtu anapita karibu, akitembea na mtu asiyemjua, na baada ya kitu kizito kudondoka nyuma yake, mwendelee kurekodi hata akikimbia, mpaka arudi au msimamo wake ujulikane. Daktari akishapiga picha za nyonga, hizo nazo. Asipofaa nitawaambia, na nitasaidia kumtafutia nyumba.